Je, watafiti wanawake wa Antaktika watengewe misafara yao?

Hoja iliyoletwa mbele yetu ni hii: kwa kuwa vituo vya utafiti vya Antaktika vimedhihirika kuwa mahali pa hatari kwa wanawake, basi watafiti wanawake watengewe misafara na vituo vyao, wakae mbali na wanaume mpaka mambo yatengemae. Wanaoitetea hoja hii wana msingi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2022 kuhusu mpango wa Marekani wa utafiti wa Antaktika ilionyesha kwamba asilimia 59 ya wanawake walioulizwa walisema wamewahi kunyanyaswa au kushambuliwa kingono wakiwa huko, na asilimia 72 walisema kwamba unyanyasaji wa kingono ni tatizo huko. Anayezipuuza takwimu hizo hana la maana la kutuambia. Hata hivyo mimi napinga utengano, na sababu yangu kubwa ni kwamba njia hiyo imekwisha kujaribiwa na tunajua ilifika wapi.

Kwa miaka mingi ndege na meli za Wamarekani kule Antaktika zilikuwa mikononi mwa jeshi lao la wanamaji, nalo lilikataa katakata kuwachukua wanawake, kisingizio kikiwa vyoo na malazi. Mwaka 1969 jeshi hilo lilipolegeza msimamo, Lois Jones, mtaalamu wa kemia ya miamba, aliruhusiwa kwenda na wenzake watatu, wote wanawake, kukusanya sampuli za mawe katika mabonde makavu ambako theluji ni haba na upepo haukomi. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo, wanawake sita, wakiwemo Jones na wenzake, walipelekwa kwa ndege mpaka Ncha ya Kusini. Mlango wa nyuma wa ndege ulipofunguliwa walishuka kwa mstari mmoja, mikono wameshikamana, ili asipatikane wa kwanza wala wa mwisho. Nimeiangalia picha ya siku hiyo mara nyingi, na kila mara hunigusa. Lakini tukumbuke kwamba walikaa pale kwa saa chache tu, wakarudi. Walipokewa kama wageni. Wanaume waliobaki nyuma ndio waliokuwa wenye kituo, na mlango ule haukuwafanya wanawake hao kuwa wenyeji.

Nakubali kwamba msafara wa wanawake watupu umewahi kuwa na faida yake. Mwaka 1990 Ujerumani iliwapeleka wanawake tisa katika kituo cha Georg von Neumayer, wakiongozwa na daktari Monika Puskeppeleit, nao wakakaa huko zaidi ya mwaka mmoja, wakapita majira ya baridi ambayo jua halichomozi na hakuna chombo kinachoweza kuwafikia. Baada ya hapo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeweza kusema tena kwamba mwanamke hawezi. Swali lililo mbele yetu leo, hata hivyo, si la uwezo.

Mwaka 1986, Susan Solomon, akiwa na umri wa miaka 30, aliongoza kundi la wanasayansi katika McMurdo, kituo cha Marekani huko Antaktika, kuchunguza kwa nini tabaka la ozoni lilikuwa limetoboka juu ya Antaktika. Kwa kuwa usiku wa ncha bado ulikuwa mrefu, walitumia mwanga wa mwezi, wakiuelekeza kwa vioo vilivyowekwa juu ya paa hadi kwenye chombo cha kupimia kilichokuwa ndani, na vioo hivyo vilipaswa kurekebishwa kwa mkono katika baridi kali kadiri mwezi ulivyosogea. Vipimo vyao vilisaidia kuonyesha kwamba klorini inayotokana na kemikali za viwandani ndiyo chanzo. Mkataba wa Montreal, unaozuia kemikali zinazoharibu ozoni, ulitiwa saini mwaka uliofuata, na sekretarieti yake iko hapa Afrika Mashariki, mjini Nairobi. Kazi ya namna hiyo hufanywa na yeyote mwenye ujuzi unaohitajika, wala haiwezi kugawanywa kwa jinsia kama mabweni ya shule.

Tutazame sasa madhara yenyewe hutokeaje. Jane Willenbring alikwenda Antaktika mwaka 1999 akiwa mwanafunzi, katika kundi dogo lililopiga hema mbali na kituo chini ya profesa wake. Alieleza baadaye kwamba profesa huyo alimtukana na kumsukuma mtelemkoni, na kwamba alimrushia mawe kila alipokwenda kukojoa, hata akapunguza kunywa maji mchana, akaugua. Alishtaki mwaka 2016 tu, alipokuwa na cheo chake mwenyewe ambacho hakuna mtu angeweza kumnyang'anya. Profesa alikanusha, lakini chuo kikuu kilimkuta na hatia ya unyanyasaji, akafukuzwa kazi mwaka 2019, na mto wa barafu uliokuwa na jina lake ukabadilishwa jina. Miaka 17 ya ukimya ilitokana na nini? Profesa ndiye aliyeshika tasnifu, barua za mapendekezo na njia ya kurudi nyumbani. Mamlaka ya mtu mmoja, pasipo jicho la nje, ndiyo iliyomlinda.

Kwa hiyo dawa ninayoiona ni kuvunja mamlaka hiyo. Kila kundi linalolala kwenye mahema liwe na simu ya setilaiti ambayo kila mtu anaweza kuitumia bila kumwomba kiongozi. Malalamiko yapokewe na watu wasiolipwa na mkandarasi wa kituo. Na anayepatikana na hatia aondolewe yeye, asiondolewe aliyelalamika. Kusitisha uuzaji wa pombe katika baa za McMurdo, kama ilivyofanyika mwaka 2023, kunaweza kusaidia kidogo, lakini aliyemrushia mwanafunzi mawe hakuhitaji baa.

Utengano unamwacha mkosaji kituoni na kumhamisha aliyekosewa, kisha unauita uhamisho huo ulinzi. Naomba wanaoutetea wanijibu jambo moja. Msichana anayeanza shahada ya uzamili leo, ambaye mtaalamu pekee mwenye vifaa na fedha za utafiti anaoutamani ni mwanamume, watampeleka katika msafara upi?