Tupeane uzoefu: wazo la mfarishi wako wa rangi na uzi ulilipata wapi?

Mama Vikwembe, Katuba
Wenzangu wa Lubumbashi, leo nimepita nyuma ya soko la Kenya, ile komuni ya hapa mjini, nikakuta fundi anatupa vipande vya vikwembe, vitambaa vyetu vya vitenge, kwenye matope. Moyo uliniuma, maana vipande kama vile ndivyo vilivyonianzisha. Wewe unayepaka rangi juu ya kitambaa kisha unashona juu yake, wazo hukujia kutoka wapi? Langu ni terili, kile kilima cha mabaki ya kuyeyusha shaba. Jua likielekea kuzama, kile kilima hakiwi cheusi tena: utaona zambarau, utaona kahawia, na mifereji ya mvua imeteremka mpaka chini. Nilianza na ile mifereji tu, kwa uzi.

Yaya Fifi
Terili, kabisa! Hata mimi.

Fundi Kamalondo
Mimi naenda kwa wazee wa Hangar, wale wachoraji wa zamani wa hapa mjini. Pierre Romain-Desfossés alipofungua ile karakana mwaka 1946, enzi mji unaitwa Élisabethville, hakutaka vijana wanakili picha za Ulaya. Kila mmoja akatoka na mkono wake. Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Bela akipaka kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akijenga mwili mzima wa mtu kwa vistari vifupi vifupi. Mtazameni Mwenze vizuri: ule ni mshono tayari! Sindano ipite njia ile ile, uzi wa rangi ya udongo juu ya rangi ya udongo.

Kijana wa Kampemba
Hiyo si kuiba mkono wa mzee, papa?

Fundi Kamalondo
Mdogo wangu, kuiba ni kuchukua samaki wa Pilipili ukaandika jina lako chini. Kujifunza namna ya kujaza nafasi ni shule.

Mama wa Ruashi
Nasoma hapa machozi yananitoka. Mume wangu alikuwa mtu wa mgodi. Alipofariki, matanga hata hayajaisha, ndugu zake wakaja na gari. Wakabeba kitanda, televisheni, masuti yake yote, hata sufuria niliyokuwa nawapikia waombolezaji, ugali ukiwa bado ndani. Shemeji mkubwa akanishika mkono nisiingie chumbani kwangu mwenyewe. Ilibaki salopeti yake, ovaroli ya kazi, imeanikwa nje, imejaa madoa. Hakuna aliyeitaka. Nikaificha chini ya gunia la makala, yaani mkaa.

Muda mrefu sikuweza kuigusa. Siku moja binti yangu akaniuliza mbona goti la kushoto ni la kijani, nikaitandaza mezani. Lile doa lilikuwa kijani cha malakiti, lile jiwe la shaba, katikati, ukingoni kahawia, na pale alipokuwa akipiga goti nyuzi zimelika mpaka unaona ngozi ya mkono wako upande wa pili. Nililikata goti lile, nikaliweka katikati ya shuka nyeupe, nikachanganya rangi mpaka zikalingana nalo, nikazitembeza nje hadi kwenye pindo. Halafu uzi mwekundu, duara baada ya duara. Shemeji alikuja mwaka huu, akaketi mbele yake, akauliza ni nini. Nikamwambia.

Yaya Fifi
Pole sana mama. Mungu akutie nguvu.

Papa wa Kasapa
Mama, walivunja sheria. Kanuni ya Familia ya 1987 inawaweka watoto kundi la kwanza la warithi, robo tatu ya urithi ni yao. Ulifika mahakama ya amani?

Kijana wa Kampemba
Tuliulizwa wazo, sasa tuko mahakamani.

Mama Vikwembe, Katuba
Mwache mama aseme! Wazo lenyewe ndilo hilo.

Binti wa Kenya
Jamani, mimi wazo ninalo, tatizo ni uzi. Nikipaka akriliki kitambaa kinakuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, uzi unakatika kila saa.

Fundi Kamalondo
Kitambaa kipya kifue kwanza, wanga utoke. Rangi ilegeze kwa maji kidogo, paka nyembamba, rudia ikikauka. Pasi ipite kwa nyuma. Weka sindano namba 100 na ushushe meno ya mashine, yale yanayosukuma kitambaa. Kama Singer yako ya miguu haishushi, funika meno kwa kadi nyembamba yenye tundu la sindano.

Mama Vikwembe, Katuba
Nakataa. Shona kwanza, paka baadaye! Rangi inaingia kwenye mabonde ya mshono na uzi wa pamba unainywa.

Fundi Kamalondo
Na ukikosea brashi, umeharibu kazi ya wiki nzima.

Kijana wa Kampemba
Umeme ukikatika usingoje, pasi ya makala ipo. Mwambie muuza makala ni mshirika wako wa sanaa, atakupunguzia bei.

Binti wa Kenya
Mama wa Ruashi, tabaka la katikati ulitia nini?

Mama wa Ruashi
Blanketi la zamani, mwanangu. Pamba ya godoro usiiguse, ukifua inajikusanya pembeni. Na ulikate lizidi pande zote, maana mshono ukiwa mwingi kazi inajivuta, inapungua.