Klozapini kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zimeshindwa: utafiti unasemaje, na neutrofili zikiwa chache itakuwaje?

Mkaazi wa Ngamiani ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mdogo wangu, kijana wa miaka 26, aligunduliwa kuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti na kuamini yasiyokuwapo, akiwa chuoni. Alianza na vidonge vya haloperidoli, akahamishiwa sindano ya flufenazini ya kila mwezi, na sasa anatumia risperidoni. Pamoja na yote hayo sauti hazijamwacha, na siku hizi anakataa chakula anachopika mama kwa madai kwamba kimetiwa kitu. Daktari bingwa anayemhudumia amependekeza klozapini, akatueleza kuwa ni dawa inayotolewa pale nyingine zinaposhindwa, na kwamba akiianza itabidi apimwe damu kila wiki.

Yapo mambo mawili yanayonikosesha usingizi. La kwanza, nimesoma kwamba dawa hiyo iliua watu nchini Finland mwaka 1975, nami ndiye ninayetakiwa kuishauri familia. La pili, kipimo cha damu cha kabla ya kuanza kimeonyesha neutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, 1,300 kwa kila maikrolita, maabara ikaandika kuwa ziko chini, na daktari akasema mwongozo anaoufuata unataka zisipungue 1,500, hivyo shauri likasimama. Kijana mwenyewe hana homa, hana vidonda vya mdomo, wala si mtu wa kuuguaugua tangu utoto wake.

Naomba kujua: ubora wa klozapini umethibitishwa kwa utafiti wa kuaminika, au ni sifa ambayo madaktari wamerithishana? Na hiyo 1,300 ndiyo imefunga mlango? Naomba kuwasilisha.

Muuguzi wa Zamu:

Pole sana ndugu, na utufikishie pole kwa mama. Kabla hatujafika kwenye klozapini, ningependa uhakikishe jambo moja ambalo familia nyingi hazilielezi na baadhi ya wahudumu hawaliulizi. Wataalamu waliokaa pamoja na kuchapisha mwafaka mwaka 2017 walisema skizofrenia ihesabiwe kuwa sugu pale mgonjwa alipotumia angalau dawa mbili tofauti za kutuliza saikosisi (hizo sauti na imani zisizo za kweli), kila moja kwa dozi inayotosha na kwa muda usiopungua wiki 6, tena pawe na uhakika kwamba alizitumia kweli. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotushinda. Kuna watafiti wa London waliopima kiwango cha dawa katika damu ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa sugu, wakakuta karibu theluthi moja wana kiwango kisichofikia cha tiba, na baadhi yao hawana dawa kabisa mwilini.

Kwetu hali hiyo husababishwa na mengi. Sindano hukosekana dirishani, familia ikaambiwa ikanunue nje, mwezi ukapita bila kitu. Kidonge nacho hukaa chini ya ulimi hadi muuguzi ageuke. Ndiyo maana nikiwa kwenye mzunguko wa dawa humpa mgonjwa maji ya kutosha, kisha nikamsemesha mambo ya kawaida kwa dakika moja hivi, kwa kuwa mwenye kidonge mdomoni hataki kufungua kinywa. Jiulizeni risperidoni anayotumia ni miligramu ngapi, ni nani anayemwona akimeza, na ile sindano ilirukwa mara ngapi. Ikiwa majibu ni mazuri, basi daktari wenu yuko sahihi kupendekeza klozapini, na nisingependa aendelee kubadilishiwa dawa nyingine tatu au nne huku miaka inakwenda.

Mchambuzi wa Takwimu:

Habari za Finland ni za kweli, na si vizuri kuzipuuza. Dawa iliingia sokoni huko mwanzoni mwa 1975, na katika miezi michache wagonjwa kadhaa wakapatwa na agranulositosisi, yaani hali ambayo neutrofili zinakaribia kwisha kabisa. Wagonjwa 8 walifariki kwa maambukizi. Wakati huo hapakuwa na utaratibu wa kupima damu kila wiki. Nchi kadhaa ziliiondoa dawa au zikaibana, na pengine ingekuwa imesahaulika, isipokuwa kwamba madaktari wa Ulaya walikwisha kuona wagonjwa wao waliokuwa wamekatiwa tamaa wakirudi kuzungumza na watu.

Utafiti ulioirudisha ni ule wa John Kane na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1988. Ninaupenda kwa sababu moja: hawakuridhika na maneno yaliyoandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa ni sugu. Kwanza waliwapa wagonjwa haloperidoli kwa dozi kubwa kwa wiki 6, na aliyepata nafuu aliondolewa. Wagonjwa 268 waliobaki ndio waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa klozapini na wengine klopromazini, bila mgonjwa wala mpimaji kuambiwa nani anatumia nini. Baada ya wiki nyingine 6, asilimia 30 ya waliotumia klozapini walikuwa na nafuu ya kuridhisha kwa vigezo vilivyowekwa tangu mwanzo, dhidi ya asilimia 4 kwa klopromazini. Katika fani yetu tofauti kubwa namna hiyo ni nadra, na ndiyo iliyoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani kuiidhinisha mwaka 1989 kwa sharti la kupima damu.

Utafiti huo una kasoro zake. Ulifadhiliwa na kampuni iliyotengeneza dawa. Wiki 6 ni muda mfupi kwa ugonjwa wa maisha. Halafu klozapini humtoa mgonjwa udenda mwingi usiku, kwa hiyo sidhani kama wauguzi wa wodini walishindwa kabisa kubahatisha nani anatumia nini. Tena ililinganishwa na dawa ya kizamani, wakati leo tunazo olanzapini na risperidoni.

Kuhusu hizo mpya, yapo majaribio mawili yasiyotegemea fedha za kampuni za dawa. La Marekani, lililotoa matokeo ya kwanza mwaka 2005, lilikuwa na wagonjwa 1,493, na asilimia 74 kati yao waliacha dawa waliyopangiwa kabla miezi 18 haijatimia. Dawa moja ya zamani iitwayo pafenazini ilifanya vizuri sawa na nyingi za mpya, jambo lililowaudhi wengi. Katika hatua iliyofuata, walioacha kwa sababu dawa haikuwasaidia walipewa klozapini au dawa nyingine mpya, na wa klozapini wakadumu na dawa yao kwa muda mrefu zaidi. Uingereza nao mwaka 2006, kwa wagonjwa 136 waliofuatiliwa mwaka mzima, waliona dalili zikipungua zaidi kwa klozapini. Ila katika yote mawili mgonjwa na daktari walijua ni klozapini inayotumika, na kujua huko huweza kupendezesha matokeo.

Ndipo mwaka 2016 ukachapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio 40 ambayo watumiaji hawakujua wanachotumia, na klozapini haikuonekana kuzipita wazi dawa zote mpya. Waliouunga mkono walisema sifa za klozapini zimekuzwa. Walioupinga walijibu kwamba majaribio mengi kati ya hayo yalichukua wagonjwa ambao hawakuwa sugu kwa kipimo kile cha 1988, na kwamba dozi za klozapini zilikuwa ndogo. Binafsi naona hoja ya wapinzani ina uzito zaidi. Ukikusanya watu wanaoweza kupona kwa dawa yoyote, dawa zote zitaonekana sawa, na mgonjwa aliye hoi kweli mara nyingi haingii kwenye jaribio, kwa kuwa hawezi kusaini fomu ya ridhaa au hataki kukaa na watafiti.

Juu ya vifo, zingatia takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 1993. Kati ya wagonjwa 11,555 walioanza klozapini huku wakipimwa damu kila wiki, 73 walipata agranulositosisi, wengi wao ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na 2 ndio waliofariki kutokana nayo. Kwa upande wa pili, jaribio la wagonjwa 980 waliokuwa katika hatari ya kujiua, lililochapishwa mwaka 2003, lilionyesha kuwa klozapini ilipunguza majaribio ya kujiua kuliko olanzapini. Finland yenyewe, ilikoanzia hofu, ilifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 66,881 kwa miaka 11, na matokeo ya mwaka 2009 yakaonyesha vifo vichache zaidi kwa watumiaji wa klozapini kuliko wa dawa nyingine. Huo wa mwisho si jaribio la kugawanya kwa bahati nasibu, na wapo walioulalamikia kwa sababu hiyo, lakini hauwezi kutupwa.

Hesabu ya mwaka 1993 inahusu mahali ambapo damu hutolewa, majibu hurudi, na dawa ya wiki inayofuata haitolewi mpaka majibu yaonekane. Kama mnakoishi majibu huchukua siku kumi, msichukue takwimu hizo mkazifanya zenu.

Mtu wa Maabara, Eldoret:

Nitajibu swali la pili, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wengi hunyimwa dawa bila sababu ya kutosha.

Kiwango cha 1,500 kilitokana kwa sehemu kubwa na damu za watu wenye asili ya Ulaya. Katika Afrika, kusini mwa Sahara, watu wengi mno wana hali inayoitwa Duffy hasi: chembe zao nyekundu hazina protini fulani juu ya ukuta wake, protini ambayo vimelea vya malaria aina ya vivaksi huitumia kama mlango wa kuingilia. Ndiyo sababu malaria ya aina hiyo ni nadra katika sehemu kubwa za bara letu. Badiliko hilohilo la kurithi huandamana na idadi ndogo ya neutrofili katika damu inayozunguka, na mwenye nayo haugui maambukizi zaidi ya jirani yake. Hali ya namna hii imeonekana pia kwa baadhi ya Waarabu na kwa Wayahudi wa Yemeni, kwa hiyo watu wa Pwani wenye asili mchanganyiko nao wahusike na swali hili. Kwa mtu wa namna hiyo 1,300 huweza kuwa ndicho kiwango chake cha siku zote.

Mamlaka ya dawa ya Marekani ililikubali jambo hili rasmi mwaka 2015. Kwa mtu wa kawaida walibakiza 1,500 ndipo aanze. Kwa mwenye neutrofili chache za asili walishusha hadi 1,000, ila wakataka apimwe angalau mara mbili kabla ya kuanza ili kiwango chake mwenyewe kijulikane. Akiwa katika tiba, kwake yeye kati ya 500 na 999 hupimwa mara tatu kwa wiki na kuombewa ushauri wa mtaalamu wa damu, na chini ya 500 dawa husimamishwa. Kwa hiyo kosa si la daktari wako kufuata mwongozo. Ni kwamba mwongozo alionao huenda ni wa zamani, au ulinakiliwa kutoka kwa watu wasiohusika na hali hii.

Mkaazi wa Ngamiani:

Nashukuru sana, mmenifungua macho. Ndugu yangu wa Eldoret, hospitali yetu haina kipimo cha Duffy. Tufanyeje?

Mtu wa Maabara, Eldoret:

Duffy ni kundi la damu kama yalivyo mengine, hivyo ulizia benki ya damu ya hospitali kubwa iliyo karibu kama wana vitendanishi vyake. Wasipokuwa navyo, historia yake ya kutouguaugua pamoja na vipimo vya nyuma vinaweza kumtosha daktari kufanya uamuzi. Tafuteni vyeti vya zamani vya damu, hata vya wakati wa malaria au vya kujiunga na chuo. Omba pia kipimo cha marudio kifanyike mchana, maana neutrofili kwa kawaida huwa chache zaidi asubuhi.

Mama Kisauni:

Mwanangu, nimesoma yote, nami namuuguza binti yangu anayetumia dawa hii. Waliotangulia wameizungumza damu sana, na ni haki yao, lakini kwangu kilichotaka kumwondoa binti ni kukosa choo. Klozapini hupunguza mwendo wa matumbo hadi yakasimama, na mgonjwa halalamiki. Nyumbani ninayo kalenda ya ukutani jikoni. Kila anapopata choo naweka alama ya kalamu, na siku mbili zikipita tupu nampa dawa ya kulainisha aliyoandikiwa na daktari, ya tatu tunaondoka kwenda hospitali. Katika mwezi wa kwanza mwangalie pia moyo: homa, kifua kubana, mapigo ya mbio asiyekimbia. Na akikosa dozi kwa zaidi ya siku mbili, msimrudishie kiwango alichokuwa nacho. Huanzishwa upya kidogo kidogo kwa usimamizi wa daktari.

Nikuulize moja. Je, huyo kijana anavuta sigara? Moshi wa tumbaku huifanya dawa iishe upesi mwilini, na mvutaji akiacha ghafla, labda kwa kulazwa, kiwango hupanda kwa kishindo bila dozi kuongezwa.

Mkaazi wa Ngamiani:

Shikamoo mama. Anavuta, tena nyingi, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Nitamwandikia daktari yote mawili, la sigara na la kupimwa tena damu mchana, na vyeti vyake vya zamani nimekwisha kumwomba mama avitafute. Majibu yakitoka nitayaweka hapa.