Jaketi namba 212: hii bendi imetuingiza mkenge

Wakuu, nimekaa kimya wiki tatu nikijiambia hasira zitapoa. Hazijapoa.

Kwanza haki yao niwape: albamu ni kali. Ni hadithi ya mji ambao Kampuni moja inamiliki hewa, maji, mpaka ndoto za watu. Mtoto akizaliwa anagongwa namba shingoni na kuambiwa hiyo ni yake peke yake, hadi yule fundi mitambo anapokuja kugundua kuwa namba yake wanayo watu maelfu. Mara ya kwanza wimbo wa tisa ulipofika hapo nilizima, nikazunguka chumbani. Mimi ni mtu niliyekulia kwenye 2112, albamu ya bendi ya Rush, ile ya mwaka 1976, upande mzima wa santuri hadithi moja, kwa hiyo simsifii mtu hovyo. Asije mtu hapa kuniambia siipendi hii bendi.

Naipenda, ndiyo maana nilinunua jaketi.

Mnalijua, lile jeusi lenye mistari ya taa mabegani kama la mwimbaji. Waliloitangazia dunia ni hili: majaketi 500 tu, kila moja na namba yake ndani ya kola, yakiisha yameisha. Bei mara nne ya tiketi yangu, na tiketi yenyewe haikuwa ya viti vya nyuma. Nilipanga foleni saa mbili na nusu, bendi ya kufungua onyesho nikaisikilizia nje, nikatoka na namba 212. Nilitamba nalo, sikatai.

Taa za bega la kushoto zilizima kabla onyesho halijaisha. Betri imeshonewa ndani, hubadilishi bila kuchana kitambaa. Nikachana. Chini ya lebo ya bendi nikakuta lebo nyingine, ya kiwanda, inasema hili ni koti la kuendeshea baiskeli usiku! Yaani wamenunua makoti ya baiskeli kwa jumla, wakashonea nembo juu, wakatuuzia mustakabali wa binadamu. Fulana siiongelei, maandishi yalibanduka nilipoifua mara ya kwanza, basi.

Hayo yote ningemeza. Kilichonichoma ni wiki iliyopita, shabiki mwenzangu aliyeenda onyesho la mji mwingine kanitumia picha ya jaketi lake. Namba 212. Mwandiko uleule.

Na watetezi nao hawakukawia: "Wewe huelewi sanaa, namba kujirudia ni sehemu ya hadithi, sasa wewe ndiye fundi." Jamani! Nilitamani iwe kweli. Nilikesha na tochi nikipekua mishono kutafuta ujumbe wa siri, nikaiandika 212 kwenye kila kisanduku cha tovuti yao kinachokubali kuandikwa. Hakuna kitu.

Bidhaa ikiwa sehemu ya hadithi tunaijua ilivyo. Mwaka 2007 bendi ya Nine Inch Nails walitoa Year Zero, albamu yenye hadithi ya kubuni kuhusu Marekani ya mwaka 2022 iliyogeuka ya kidikteta. Kwenye fulana ya ziara yao ya Ulaya baadhi ya herufi zilikolezwa, ukiziunganisha unapata sentensi, na sentensi hiyo ni anwani ya tovuti, ukiingia humo unaanza kuzama kwenye ulimwengu wa albamu. Kule Lisbon waliacha kifaa cha USB chooni ukumbini, ndani kuna wimbo ambao haujatoka. CD yenyewe ilikuwa nyeusi, ukiicheza ikapata joto inageuka nyeupe na kuonyesha tarakimu za kufumbua. Aliyenunua ile fulana alilipia fulana, akakuta kitendawili. Mimi nimelipia kitu cha kipekee, nikapewa koti la baiskeli lenye namba ya mwenzangu. Mbona sanaa hii haijawahi kukosea kwa kunirudishia hela zaidi?

Nikawaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: bidhaa za ziara hazirudishwi, asante kwa kuwa sehemu ya safari yetu. Hakuna jina chini. Imesainiwa "Mhudumu 14". Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana hata kwenye albamu Kampuni inajibu watu hivyohivyo, na hao ndio waliotutungia nyimbo kumi na moja za kuilaani.

Wenye majaketi, fungueni kola mseme mna namba gani. Na jana nimeona moja mtandaoni linauzwa kwa bei ya ulanguzi, muuzaji anaapa ni la aina yake duniani. Nikakuza picha ya kola. Msilinunue, tumeshakuwa watatu.