Mjadala: Marlowe alikufa kwa ugomvi wa bili, au bili ilikuwa geresha?

Mleta mada

Wakuu, salamu. Wiki iliyopita kwenye kundi moja la wapenda vitabu mtu aliandika kwamba Christopher Marlowe, mtunzi wa tamthilia wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, "alichomwa kisu baa akigombea bili". Watu wakaweka vicheko, mada ikafa. Mimi kicheko kilinikwama kooni. Naileta hapa tuichambue.

Kwa asiyemjua, nitapita haraka. Alibatizwa Canterbury tarehe 26 Februari 1564, mtoto wa fundi viatu, miezi miwili kamili kabla ya Shakespeare kubatizwa kwao Stratford. Akasomeshwa kwa ufadhili hadi Cambridge. Mwaka 1587, akiwa na miaka 23, akaitikisa London kwa Tamburlaine, kisa cha mchungaji wa mifugo anayeinuka na kuwafunga wafalme nira wamvutie gari. Mdundo wake ulikuwa mizani kumi, bila vina. Hakuwa wa kwanza kuutumia, ila kabla yake ulikuwa ukitembea kama mgonjwa. Yeye aliufanya ukimbie. Sisi tuliolelewa na vina vya kati na vya mwisho tungesema hilo ni guni, lakini jukwaani guni hilo liliwafunga watu midomo. Kisha wakaja Daktari Faustus aliyeiuza roho yake kwa miaka 24, na Barabas, Myahudi wa Malta. Mliosoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, yule mkopeshaji Shylock mnayemjua alikuwa na kaka mkubwa jukwaani, na kaka huyo ni Barabas.

Hiyo ni kazi ya mchana. Ya usiku ndiyo inayonileta hapa. Mwaka huohuo wa 1587 chuo kilisita kumpa shahada ya uzamili kwa sababu ya uvumi kwamba anataka kukimbilia Rheims, Ufaransa, kwa Wakatoliki, mahasimu wa Malkia. Ikaja barua kutoka Baraza la Malkia: kijana huyu ameitumikia nchi vizuri, na haifai achafuliwe jina na watu wasiojua shughuli aliyotumwa. Akapewa shahada yake. Sasa niambieni, mtoto gani wa fundi viatu anaandikiwa barua na wakubwa wa nchi ili apewe cheti? Kwangu mimi hiyo ni barua ya shushushu.

Twende Mei 1593. Tauni iko mjini, majumba ya tamthilia yamefungwa. Tarehe 5 linabandikwa bango la vitisho dhidi ya wageni kwenye ukuta wa kanisa la Waholanzi, limetiwa saini "Tamburlaine". Wiki haijapita vizuri, anakamatwa Thomas Kyd, mtunzi mwenzake. Chumbani kwake zinapatikana karatasi zinazoukana uungu wa Yesu. Anateswa, anasema ni za Marlowe, zilichanganyika na zake walipokuwa wakiandikia chumba kimoja. Tarehe 18 hati ya kumleta Marlowe mbele ya Baraza inatoka. Tarehe 20 anajitokeza, anaambiwa awe anaripoti kila siku. Siku kumi baadaye ni maiti.

Ilikuwaje? Tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi, wanaume wanne wanakutana Deptford, kando ya mto Thames, kwa mjane aitwaye Eleanor Bull. Hati ya uchunguzi wa kifo haisemi baa, inasema nyumba. Wanakula mchana, wanatembea bustanini, saa kumi na mbili jioni wanarudi ndani kula tena. Baada ya chakula Marlowe kajilaza kitandani. Wengine watatu wamekaa kwenye benchi wamekipa kitanda mgongo: Ingram Frizer katikati, Nicholas Skeres upande mmoja, Robert Poley upande wa pili. Maneno ya bili yanaanza. Marlowe ananyanyuka, anachomoa jambia la Frizer kiunoni mwa mwenyewe, anamkata mara mbili kichwani. Frizer, aliyebanwa katikati asiweze hata kukimbia, anamgeukia, wanagombea jambia, linamwingia Marlowe juu ya jicho la kulia, inchi mbili kwenda ndani. Akafa palepale.

Na wale wawili waliombana Frizer? Ripoti haisemi walinyoosha hata mkono.

Haya ndiyo maelezo ya William Danby, mchunguzi wa vifo wa nyumba ya Malkia, mbele ya wazee 16 wa baraza. Yalilala kwenye makabati ya serikali hadi mwaka 1925, alipoyafukua mtafiti Leslie Hotson. Lakini Danby hakuwepo chumbani, na wazee 16 hawakuwepo. Waliokuwepo na kubaki hai ni watatu. Poley ni jasusi mzoefu aliyewaingia wapangaji wa njama ya Babington, ya kumuua Malkia, mwaka 1586 hadi wakanyongwa. Skeres na Frizer walikuwa wakiwaingiza vijana wenye mali kwenye mikopo ya kitapeli. Na Frizer alikuwa mtu wa kazi wa Thomas Walsingham, ambaye ndiye aliyekuwa akimhifadhi Marlowe kwake Kent.

Msimamo wangu ni huu: sijui nani alimtuma nani, na sitajifanya najua. Ila hiyo "ripoti" ni maelezo ya watuhumiwa watatu wanaoishi kwa uongo, na tumeisoma kana kwamba ni picha ya tukio. Karibuni.

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeficha upande wa pili. Marlowe hakuwa mtoto wa malaika. Mwaka 1589 aliingia kwenye ugomvi wa mapanga Hog Lane, London. Rafiki yake Thomas Watson akamuua mtu, Marlowe akalala jela Newgate. Mei 1592 akawekwa dhamana ya kutunza amani baada ya kuwatisha askari wa mtaa. Septemba mwaka huohuo akapigana na fundi cherehani kwao Canterbury. Mtu wa rekodi hiyo akishinda kutwa nzima anakula na kunywa, mwisho wa siku akachomoa jambia la mwenzake, mimi sishangai.

Pili, watu wa njama hupenda kuuliza mbona Malkia alimsamehe Frizer tarehe 28 Juni, hata mwezi haujaisha. Sheria ya wakati ule ilitaka hivyo. Aliyeua kwa kujitetea hakuachiwa na mahakama, alisubiri msamaha wa mfalme. Ni utaratibu tu.

Tatu, na hili nijibu wewe: serikali ile ilikuwa na haja gani ya kuua kwa kujificha? Siku moja kabla, tarehe 29 Mei, walimnyonga John Penry hadharani kwa maandishi yake ya dini. Kamba ilikuwepo, mti ulikuwepo, na hati ya kumleta Marlowe walishaitoa. Wangemnyonga naye wakamaliza.

Kalamu ya Pwani

Wote mmekosea, ndugu zangu. Hakufa. Huyo Penry mliyemtaja ndiye maiti aliyezikwa Deptford! Mtu ametoroshwa ng'ambo, wiki mbili baadaye, Juni 1593, kitabu cha shairi la Venus na Adonis kiko sokoni, na ndani yake kwa mara ya kwanza kabisa linachapwa jina William Shakespeare. Mmoja anazikwa, mwingine anazaliwa. Nani kipofu hapa?

Mleta mada

Kalamu ya Pwani, nilijua utakuja, na nakukaribisha kwa kahawa ila si kwa hoja hiyo. Shakespeare hakuzaliwa Juni 1593. Mwaka mmoja kabla, mtunzi Robert Greene alikuwa ameshamtukana kwa maandishi kuwa ni kunguru aliyejipamba kwa manyoya ya wenzake. Kunguru gani anatukanwa kabla hajaanguliwa? Na kaburi mlishafukua wenyewe. Mwaka 1956 Mmarekani Calvin Hoffman, aliyeishikilia nadharia yako kwamba Marlowe ndiye Shakespeare, alipata ruhusa ya kufungua kaburi la Walsingham akitarajia kukuta miswada ya Marlowe. Akakuta mchanga.

Halafu Shakespeare mwenyewe alimlilia Marlowe. Kwenye tamthilia yake As You Like It mhusika mmoja anamwita "mchungaji mfu" na kunukuu mstari wake kuhusu penzi la mtazamo wa kwanza. Mtu hajiandikii tanzia namna hiyo. Kwenye tamthilia hiyohiyo kuna maneno kuhusu hesabu kubwa ndani ya chumba kidogo, na kwa Kiingereza chao hesabu ndiyo hiyohiyo bili. Kama ni fumbo basi liliwaendea waliojua.

Wakili, hoja yako ya tatu ndiyo nzito, nimeizungusha kichwani tangu asubuhi. Penry alinyongwa baada ya kesi. Kesi ni maneno, na mahakamani mtu huulizwa alikuwa na nani, alitumwa wapi. Mwaka 1592 Marlowe alikamatwa Vlissingen, Uholanzi, kwa kughushi sarafu, kosa la kunyongwa. Akarudishwa kwa Lord Burghley, mshauri mkuu wa Malkia, na baada ya hapo hatuoni adhabu yoyote. Mtu anayepona hivyo amebeba majina. Ukimsimamisha kizimbani huchagui atataja lipi.

Kuhusu msamaha nakubali, ni utaratibu. Naifuta hoja hiyo mfukoni mwangu kabla sijaitumia.

Binti wa Unguja

Asalaam alaykum. Mimi nina la pembeni kidogo, mnisamehe. Kwenye sehemu ya pili ya Tamburlaine kuna jemadari anasimulia alivyopeleka jeshi hadi Zanzibar. Nilivyofurahi kuiona! Nikaendelea kusoma: Zanzibar iko "upande wa magharibi wa Afrika", na alipofika hakukuta mtu mzima wala mtoto katika nchi nzima.

Magharibi! Na sisi tulikuwa wapi siku hiyo, sote tumekwenda shamba?

Baadaye nikajifunza kuwa Marlowe hakubuni. Alikuwa na ramani ya Afrika ya mchora ramani Ortelius, iliyotoka mwaka 1570, na kwenye ramani ile jina Zanzibar limeandikwa upande wa pili wa bara. Akaifuata mstari kwa mstari, jemadari akatembea palipoandikwa. Karatasi ilikuwa nzuri, ina rangi na mapambo, na ilikosea bahari nzima.

Ndiyo maana nakaa upande wa mleta mada. Ripoti ya Danby nayo ni karatasi nzuri. Ina kina cha kidonda, upana wake, saa walizokula. Wakili anatembea juu yake kama yule jemadari.

Wakili wa Kijiweni

Binti wa Unguja umeniweza, lakini ramani si ushahidi wa mauaji. Mnasema hao watatu ni waongo. Sawa, muongo naye huweza kugombania bili. Poley alikuwa Deptford kwa sababu zake, bandari ile ilikuwa njia ya kwenda ng'ambo.

Mleta mada

Umemtaja Poley mwenyewe, asante. Kuna hati ya malipo yake ya kubeba barua kwenda na kutoka The Hague, Uholanzi, kuanzia tarehe 8 Mei hadi tarehe 8 Juni 1593. Hati inasisitiza kwamba muda wote huo alikuwa katika kazi ya Malkia. Tarehe 30 Mei imo humo ndani. Mtu ana barua za serikali mfukoni, anakaa kutwa nzima kwa mjane anatembea bustanini na mtu anayechunguzwa na Baraza. Hiyo nayo ni njia ya kwenda ng'ambo?

Frizer, kwa taarifa yenu, hakupoteza hata kazi. Aliendelea na shughuli za Walsingham, akahamia Eltham, akawa mzee wa kanisa, akafa mwaka 1627. Marlowe alizikwa tarehe 1 Juni Deptford, na kitabu cha kanisa kikamwandika muuaji wake kuwa ni Francis Frezer. Hata jina walikosea.

Nabaki na swali moja kwa Wakili na kila anayeshikilia bili. Ripoti inataja thamani ya jambia: peni 12. Inataja kina cha kidonda cha Marlowe, na vile viwili vya Frizer, kila kimoja robo inchi kwenda ndani. Bili iliyomtoa mtu roho, ilikuwa ya kiasi gani? Hawakuandika.