Harusi ndogo ya mjini, watu 40, bila presha: tupeane uzoefu

Mratibu: Wakuu, wengi wanadhani harusi ya watu 40 ni ile ya watu 300 iliyopunguzwa. Sivyo. Penye watu 300, sita waliozidi hawaonekani. Penye watu 40, hao sita ni meza nzima isiyokuwepo. Kwa hiyo kila mwenye kazi yake aweke vipimo anavyovijua. Naanza na orodha. Kila mwaliko uandikwe majina ya wanaoalikwa, usiandikwe "na familia", maana neno hilo mmoja analisoma wawili na mwingine analisoma watano. Majibu yafungwe wiki 3 kabla. Atakayekuwa kimya apigiwe simu siku hiyohiyo, na mpishi apewe idadi ya mwisho siku 7 hadi 10 kabla ya shughuli.

Mpishi wa Shughuli: Na idadi hiyo msisahau wanaofanya kazi! Mpiga picha, msaidizi wake, fundi sauti, mshereheshaji, mratibu, dereva: wote watakuwa hapo kwa muda wa saa nane na zaidi, na wanakula. Wageni 40 ni sahani 46. Vinywaji hesabuni viwili kwa mtu saa ya kwanza, kisha kimoja kila saa. Shughuli inayochukua muda wa saa tano ni vinywaji 6 kwa kichwa, yaani 240, na maji ya kunywa yawe juu ya hapo. Barafu nusu kilo kwa mgeni kwa ajili ya glasi, na kilo nzima zaidi kama chupa zinapozwa kwenye beseni. Ifike saa moja kabla ya wageni. Ikiletwa asubuhi, jioni mnagawa maji. Glasi ni tatu kwa kila mgeni pasipo na mahali pa kuosha, kwa sababu mtu akiweka glasi chini kwenda kusalimia, hairudii ileile.

Fundi Sauti: Mpishi umenigusa penyewe, maana kinachozima muziki mara nyingi hutoka jikoni. Soketi za ukuta mmoja mara nyingi huwa ziko kwenye saketi moja, yaani njia moja ya umeme. Saketi ya ampea 16 kwa volti 230 inabeba wati 3,680. Kichemshio cha maji cha wati 3,000 na kipasha chakula cha wati 1,200 ni wati 4,200. Saketi imezidiwa. Breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ikishuka, spika zinanyamaza, na kwa sababu zilichomekwa ukuta uleule kila mtu anamgeukia fundi sauti. Ulizeni ukumbi soketi zipi ziko saketi gani, na sauti ipewe saketi yake peke yake.

Kwa watu 40 spika mbili zinatosha, ziinuliwe kwenye stendi zipite vichwa vya waliosimama. Anayeshika maiki asimame nyuma ya mstari wa spika. Akitembea mbele yake, maiki inasikia spika na mluzi unaanza. Betri za maiki ziwe mpya kabisa kabla ya viapo. "Bado zina chaji" huisha kwenye sentensi ile ambayo watu wote walikuja kuisikia.

Mpambaji: Naunga mkono hoja ya betri. Nihamie kwenye meza. Meza ya duara ya sentimita 150 inakaa watu 8, kwa hiyo tano zinatosha. Ukingo hadi ukingo ziachane sentimita 150, ili viti viwili vikisukumwa nyuma bado mhudumu apite na sinia. Kila meza basi inadai mita 3 kwa 3, jumla mita 45 za mraba, kabla hamjaweka meza ya chakula wala mahali pa kucheza.

Mshereheshaji: Hapo dada siafiki. Watu 40 wapewe meza mbili ndefu. Mtu anahitaji sentimita 60, kumi upande huu na kumi ule, basi mita 6 kila meza. Upana sentimita 75, na wa mbele yako unamsikia bila kupaza sauti. Meza tano za duara zinazaa sherehe tano ndogo.

Mpambaji: Kaka, aliyekaa mwisho wa mita 6 anaongea na watu watatu tu usiku kucha. Na bibi aliyekaa katikati akitaka kwenda msalani anainua safu nzima.

Mshereheshaji: Bibi hukalishwa pembeni, karibu na mlango. Hiyo ni kazi ya kupanga viti, si kosa la meza.

Wa Ghorofani: Mnabishania meza na watu hawajafika juu bado. Ngojeni niwaeleze ukumbi wa juu ya paa, maana jijini kila anayetaka harusi ndogo anautaka huo.

Lifti inabeba watu 8. Kupakia, kupanda, kushusha na kurudi ni kama dakika 3. Wageni 40 ni safari 5, dakika 15, na hiyo ni kama jengo zima halina mtu mwingine. Lakini mpishi naye anapandisha masanduku kwa lifti hiyohiyo, na mlango umezuiliwa kwa kreti ili usijifunge. Chini wageni wanajaa. Juu mfungishaji ndoa anatazama saa, kwa sababu ana ndoa nyingine baada ya hii. Bibi harusi anapanda ngazi ghorofa sita na pindo la gauni mkononi, anafika shingo imelowa na vipodozi vinateremka.

Halafu upepo. Huko chini barabarani jani halitikisiki, ila juu ya paa kona ya kitambaa cha meza inainuka polepole, inashika shina la glasi moja, glasi inalala, inaviringika hadi kwenye keki. Mishumaa haiwaki hata ukiiwasha mara kumi. Wingu linaingia, na watu wanne wanabishana kama wahamie ndani au la. Wakati wanabishana, mvua inaamua.

Dawa yake: mizigo yote ipande saa mbili kabla ya mgeni wa kwanza, lifti iwekewe mtu wa kuisimamia, vitambaa vibanwe kwa klipu pande zote nne, mishumaa ikae ndani ya chupa ndefu za kioo. Uamuzi wa mvua uwe wa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, utolewe saa nne kabla ya sherehe kuanza, na akishaamua harudishwi nyuma.

Mgeni Mwalikwa: Lifti. Lifti kabisa.

Mratibu: Mkuu umemaliza. Naongeza: swali la kwanza kwa ukumbi liwe lifti, la pili gari la mizigo linaruhusiwa kusimama wapi na kwa dakika ngapi.

Mpiga Picha: Picha za makundi ni dakika 3 kila kundi. Makundi 10 ni nusu saa, 25 ni saa na robo, na wageni wamesimama na njaa. Andikeni makundi mapema, yasizidi 10, na ndugu mmoja mwenye sauti awaite. Yaanze na wazee, wakapumzike. Jua la mchana katikati ya majengo marefu linakata uso nusu mweupe nusu mweusi, basi simameni kwenye kivuli kizima cha jengo. Zile za wawili pekee ziachiwe dakika 20 katika saa ya mwisho kabla jua halijazama.

Mshereheshaji: Maharusi wapigwe picha kabla ya ndoa, wageni wasisubiri.

Mpiga Picha: Wengine hawataki kuonana kabla ya ndoa, na hilo halilazimishwi. Waulizeni wenyewe.

Fundi Sauti: La mwisho, someni mkataba. "Hadi saa 5 usiku" kwa kumbi nyingi maana yake ukumbi uwe mtupu saa 5, viti vimekunjwa na kebo zimetoka. Kwa hiyo wimbo wa mwisho ni saa 4, na wageni waambiwe saa 4.

Mpishi wa Shughuli: Na saa hiyo lifti iwe haina mizigo.