Vijiji vya kale vya mlimani Italia: mimi na goti langu tutaweza?

MwalimuMlandege

Wanajamvi, kamwene.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Iringa mjini. Mtoto wa marehemu kaka yangu anasoma mambo ya misitu Viterbo, Italia, na ameng'ang'ania niende kumwona Oktoba, siku kumi. Nauli wamechangishana yeye na dada zake. Sasa kila ninayemwambia ananitajia Roma tu. Sawa, Roma nitaiona, na Vatikani lazima nifike maana jumuiya nzima imeniagiza rozari. Ila moyo wangu uko kwingine.

Kijana alinitumia picha ya kijiji cha mawe kimekaa juu ya kilima peke yake, pande zote makorongo, na njia ya kuingia ni daraja la miguu tu. Kinaitwa Civita di Bagnoregio. Nilipoiona nikasema mbona hii ni Isimila, yale makorongo yetu ya Iringa yenye nguzo, tofauti wenzetu nguzo zao wamezijengea nyumba juu! Anasema vijiji vya namna hiyo viko vingi kule kwao, vya kale, vimetulia, na huko ndiko anataka tukae badala ya mjini.

Naomba aliyefika aniambie ukweli. Goti langu la kushoto linapanda Gangilonga kwa kupumzika mara tatu. Litaweza? Halafu huo utulivu ni wa kweli au ni wa kwenye picha? Na chakula je? Kiitalia changu ni buongiorno na grazie, nilivyoachiwa na masista wa Consolata nikiwa binti pale Tosamaganga.

---

Mbalizi_Juu

Mwalimu shikamoo. Samahani lakini, mtu anatoka Iringa anakwenda kupanda kilima Ulaya? Njoo Mbeya nikupandishe Loleza bure. Viza huombi, na ukimya upo mpaka utaukimbia.

---

KaraniMafinga

Mwalimu, huyo mpuuze. Upande wa karatasi: viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, ya muda mfupi ni Euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue Euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje Septemba. Kijana akuandikie barua ya mwaliko. Na ukifika kwake, mwenye nyumba anatakiwa kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48 kwamba amepokea mgeni wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Wengi hulisahau hilo.

---

MamaUyole

Shikamoo mwalimu. Nimekaa huko miaka minne, kijiji kimoja cha mlimani nusu saa kwa basi kutoka Orvieto, nikimhudumia bibi wa miaka 86. Orvieto na hiyo Civita ni jirani, kwa hiyo hapa nasema ninachokijua.

Kwanza ondoa hofu ya mlima. Civita haifiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari. Wewe unalala Iringa, mita elfu moja na mia tano na ushee, mapafu yako yatacheka. Shida ni mawe. Njia zote zimetandikwa mawe ambayo yamekanyagwa mpaka yanang'aa kama sabuni iliyotumika, na Oktoba mvua zinaanza. Mimi nilianguka wiki ya kwanza nikiwa na mfuko wa mayai, mbele ya baa, wazee wote wakasimama. Beba viatu vya soli ya mpira yenye meno. Begi la magurudumu liache kwa kijana, chukua la mgongoni. Hayo magurudumu usiku kwenye mawe yanaamsha kijiji kizima.

Daraja la Civita lina kama mita 300, na mwisho wake linapanda ghafla. Kuna chuma cha kushikia. Goti linalomaliza Gangilonga litamaliza na hapo, ila usikubali kuharakishwa na watu walio nyuma yako. Kuingia ni Euro 5. Walipoanza kutoza mwaka 2013 ilikuwa Euro 1.50.

Sasa utulivu. Nikwambie ukweli, Civita saa sita mchana ni kama stendi. Watu wanapiga picha hadi madirisha ya watu, wakati wakazi wa kudumu hawajazi hata Hiace moja. Mlima wenyewe ni mwamba laini wa volkano uliokaa juu ya udongo wa mfinyanzi, mvua inakula chini, juu kunamomonyoka. Isimila yako umeipatia kabisa. Tetemeko la 1695 ndilo lililowahamisha askofu na wakubwa wengine kwenda Bagnoregio ya ng'ambo, watu nao wakafuata kidogokidogo. Mtakatifu Bonaventura alizaliwa hapo, lakini nyumba ya kwao ilishaporomokea korongoni. Kwa hiyo ukitaka kukiona kijiji chenyewe, fika kabla ya saa tatu asubuhi au baki jioni wenye mabasi wakishaondoka. Nenda Jumanne au Jumatano. Jumapili usafiri wa kwenda huko ni wa kubahatisha.

Ila ningekuwa mimi, Civita ningeipa asubuhi moja tu, siku nyingine ningezipeleka kwingine hapohapo karibu na kijana. Vitorchiano, imejengwa ukingoni mwa genge, na ina sanamu kubwa la uso wa mtu lililochongwa mwaka 1990 na wachongaji waliotoka Kisiwa cha Pasaka, huko Pasifiki! Nililiona nikadhani nimechanganyikiwa. Halafu Soriano nel Cimino, ina ngome juu kabisa, na Oktoba wana sikukuu ya castagne. Hayo ni matunda ya mti yenye ganda la kahawia linalong'aa. Ukiyachoma ndani yanakuwa kama kiazi kitamu kikavu. Unayanunua ya moto kwenye karatasi. Juu yake kuna msitu wa kale wa Monte Cimino ulioingizwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2017, na mtu wa misitu lazima atakupeleka utake usitake.

Ukipita Orvieto, kutoka stesheni ya treni panda kile kibehewa kinachovutwa na kamba hadi mjini, goti lipumzike. Kuna kisima Papa Klementi wa Saba aliamuru kichimbwe kuanzia 1527, kina zaidi ya mita 50. Ngazi zake ni mbili zinazozunguka bila kukutana, moja ya kushuka na nyingine ya kupanda, ili punda wanaokwenda kuteka maji wasigongane na wanaorudi. Vidato 248. WEWE CHUNGULIA TU KUTOKA JUU. Nimesema.

Kwa nini waliishi juu hivyo? Bibi wangu alikuwa anasema ni maadui na homa. Maadui tunawajua. Homa ni malaria, na neno lenyewe ni lao, mala aria, hewa mbaya. Mabonde yao yalikuwa na malaria ya kuua. Kijiji kimoja cha huko Umbria, Lugnano in Teverina, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi ya watoto wachanga wengi wa karne ya 5, na mifupani wakapata alama za malaria. Italia ilihesabiwa kuwa imeitokomeza mwaka 1970 tu. Nilipomweleza bibi kwamba hata kwetu wazee wa milima ya Uporoto walikuwa hawapendi kulala bonde la Usangu kwa sababu ya mbu, alinishika mkono akasema, "Kumbe ni watu wale wale."

Chakula usiogope. Kuna polenta, huo ni ugali wa njano, wa kulegea kidogo. Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inaweza kupanda. Mkate wa sehemu hizo hauna chumvi, usidhani wamesahau. Maduka yanafungwa kama saa saba mchana mpaka saa kumi, wamelala, kwa hiyo nunua mapema.

Na jambo moja ambalo kwenye picha halionekani. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kumi na nne, jioni zinawaka taa nne. Watoto wa bibi, mmoja yuko Milano, mwingine Ujerumani, wanapiga simu Jumapili. Nilizoea upesi kwa sababu kwetu Rungwe ndivyo kulivyo sasa, nyumba nzuri za bati jekundu, kufuli mlangoni, zinangoja Desemba. Kila jioni nilimtoa bibi nje kwenye benchi la mawe, na mgeni akipita bila salamu alikuwa anamsindikiza kwa macho mpaka kona, kisha anauliza, "Huyu amezaliwa na nani?" Kwa hiyo buongiorno yako, mwalimu, itumie kwa kila mtu. Jioni iwe buonasera.

---

Mbalizi_Juu

Huyo bibi ni Mnyakyusa kabisa.

---

MwalimuMlandege

Marahaba wanangu. MamaUyole, nimesoma mara mbili, hapo kwa mayai nimecheka hadi jirani kaja kuuliza. Kijana nimemwambia tutalala Soriano, Civita asubuhi moja, kisima nitachungulia. Naye amekiri sikukuu ya castagne anaijua na alikuwa anaificha aje anishtukize.

Bado mawili. Nimpelekee nini mwenye nyumba tutakayofikia, ni mama mtu mzima? Nilifikiria samli. Na nina fimbo ya kutembelea, ya mti mgumu, ilikuwa ya babu yake kijana. Naweza kupanda nayo ndege?

---

MamaUyole

Samli acha, nyama na vitu vya maziwa hawaruhusu kuingiza, watakunyang'anya uwanjani. Peleka majani ya chai ya Mufindi na kikapu cha kusuka cha hapo Iringa. Kikapu usikifunge, ukipeleke mkononi, waanze kukuuliza njiani.

Fimbo ya kutembelea kwa kawaida wanaruhusu, wataipitisha kwenye mashine tu. Uliza shirika lako mapema, na ukifika ukaguzi ichechemelee kidogo.