Ukoo wa Pangani: gumzo la Jumapili jioni

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nimerudi kutoka Tanga mjini, nimepita pale yadi ya mabasi ya yule tajiri marehemu. Mwaka wa 4 huu. Majani yamefika madirishani, na kwenye basi moja kuku anatagia kiti cha dereva. Nimeumia.

Baba Mdogo Hamad: Marahaba. Kesi ya mirathi haijaisha. Watoto 9, mama 3, kila upande na wakili wake.

Shangazi Rukia: Na madereva? Na makondakta? Walimtafutia mzee ule utajiri miaka 20. Sijasikia hata mmoja akitajwa.

Salma (Limerick): Shikamoo shangazi, shikamooni nyote. Nina la kusema hapo. Chuo ninachosomea uuguzi huku Ayalandi kilipata pesa nyingi mno kwa Mmarekani, Chuck Feeney, aliyetajirikia maduka ya viwanja vya ndege, yale yasiyotozwa ushuru. Mwaka 1984 alihamishia karibu mali yake yote kwenye mfuko wa kusaidia watu, kimyakimya. Dunia ikaja kujua 1997. Jina lake hakutaka liandikwe kwenye jengo lolote. Ametoa dola bilioni 8, mpaka 2020 mfuko ukafungwa kwa sababu umetoa vyote. Alifariki 2023 na miaka 92, yeye na mkewe wakiishi fleti ya kupanga San Francisco. Mkononi saa ya plastiki.

Zuhura: Bilioni 8, na nyumba ya kupanga! Allah amlipe.

Baba Mdogo Hamad: Na wanawe je? Sahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimwambia Mtume (s.a.w.) anataka kutoa theluthi mbili ya mali yake. Akakatazwa. Nusu, akakatazwa. Theluthi, akaambiwa hata theluthi ni nyingi. Kuwaacha warithi wakijitosha ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Mrithi ana haki yake, Salma, haiondolewi kwa sababu baba anapenda kutoa.

Salma (Limerick): Nakubali, Bamdogo. Wanawe watano hawakuachwa wakiomba. Lakini Saad alikuwa kitandani akidhani anakufa. Theluthi ni mpaka wa wasia. Mtu aliye mzima, wanawe wana cha kuwatosha, nani kamzuia kutoa? Kinachonikera mimi ni mali ya kutosha vizazi kumi kukaliwa na wawili watatu, na waliochuma naye hawana kitu.

Shangazi Rukia: Hadithi hiyo imalizieni basi. Saad alikuwa na binti mmoja tu wa kumrithi. Binti! Na haki yake ikalindwa. Kaka Hamad, baba alipofariki 1998 sisi mabinti watatu tuliambiwa "nyie mmeshaolewa". Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, hilo tumelikubali, ni la Mungu. Hilo moja lenyewe liko wapi?

*Ujumbe wa Baba Mdogo Hamad umefutwa.*

Zuhura: Bibi yuko hapa kitandani, nimemsomea yote. Anasema niandike hivihivi:

"Wanangu. Thumuni yangu ya urithi wa baba yenu ni minazi 31, ya upande wa baharini, sijauza hata mmoja. Nataka iwe wakfu wa kisima cha madrasa, nazi zilipe mafuta ya mashine ya maji. Nataka nione maji yakitoka ningali hai. Hamad, hesabu ya nazi za dada zako unayo wewe. Usiniache nikafa na deni lenu ndani ya nyumba yangu."

Baba Mdogo Hamad: Mama, niwie radhi. Rukia, niwieni radhi wewe na wenzako. Nilikuwa nasomesha, nikajiambia nitalipa mwakani, ikawa kila mwaka mwakani. Daftari la nazi ninalo kuanzia 2003. La nyuma lililowa mvua. Jumamosi naja nalo, shehe awepo.

Shangazi Rukia: Nimekusikia, kaka. Njoo nalo. La nyuma tutakadiria kwa minazi. Ni 248, nilikuwa naihesabu na baba.